Kashata za protini bila oveni: Mzazi, anza na ungo wa karanga

Siku hizi kwenye supamaketi za mijini kuna vipande vilivyofungwa kwa karatasi inayong'aa, vimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba vina protini. Vijana wa mazoezi ndio walioanza kuvinunua, na sasa wazazi nao wanavitupia jicho kwa ajili ya mkoba wa shule wa mtoto. Mwenye watoto watatu akishaona bei ya kimoja, hukirudisha kwenye rafu taratibu na kuondoka.

Kabla hujakirudisha, geuza karatasi usome viambato. Mara nyingi utakutana na vitu unavyovijua: karanga au lozi, oti, maziwa, tende, asali au sukari. Mtu wa pwani akikiona atasema hii ni kashata iliyovaa suti.

Hajakosea sana. Kashata yetu ya karanga hupikwa kwa sukari nyingi inayoyeyushwa mpaka ishike. Kipande cha protini hushikanishwa kwa karanga iliyosagwa na tende, hakihitaji oveni, na sukari yake unaipima mwenyewe. Mwenye sufuria, mwiko na sinia anaweza kukitengeneza nyumbani.

Karanga na maziwa, jozi iliyookoa watoto

Vipande hivi vilipata umaarufu kupitia wanariadha. Kampuni ya PowerBar ilianzishwa mwaka 1986 huko California, Marekani, na mkimbiaji wa marathoni, Brian Maxwell, aliyetaka chakula chepesi cha kumpa mkimbiaji nguvu bila kumsumbua tumbo.

Hata hivyo, mchanganyiko wa karanga na maziwa ya unga una kazi kubwa zaidi ya hiyo. Mwaka 1996 nchini Ufaransa, daktari André Briend na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset walibuni chakula kinachoitwa Plumpy'Nut. Ndani yake kuna karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Hakipikwi wala hakichanganywi na maji, na kimetumika katika nchi nyingi kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali.

Hiyo haina maana kwamba kashata ya nyumbani ni dawa. Plumpy'Nut ina vitamini na madini yaliyopimwa kitaalamu. Mtoto aliyekonda kupita kiasi, au aliyevimba miguu, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Ila kwa mtoto mzima anayekwenda shule, mzazi anaweza kujifunza jambo moja hapo: karanga na maziwa vikikutana, chakula kidogo hufanya kazi kubwa.

Mtoto anahitaji protini kiasi gani?

Kwa viwango vinavyotumika Marekani, mtoto wa miaka 1 hadi 3 anahitaji takribani gramu 13 za protini kwa siku. Wa miaka 4 hadi 8 anahitaji gramu 19, na wa miaka 9 hadi 13 anahitaji gramu 34.

Yai moja kubwa lina kama gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15. Kwa hiyo nyumba inayopika maharage, dagaa, choroko au mayai kila siku haina haja ya kuingiwa na hofu kwa sababu ya matangazo.

Tatizo la watoto wengi wa shule liko kwenye saa za katikati. Mtoto huondoka alfajiri na chai ya rangi na andazi, kisha hela ya mapumziko inaishia kwenye soda, barafu na krispi. Soda ya mililita 350 inaweza kuwa na gramu 35 za sukari au zaidi, na haina protini hata kidogo. Ikifika saa nne mtoto ana njaa, na darasani anasinzia.

Kipande kimoja cha mapishi haya kina takribani gramu 6 za protini, sawa na yai, na kalori zinazokaribia 190. Kwa mtoto wa miaka 7 hiyo ni karibu theluthi ya protini ya siku.

Kazi kubwa ipo kwenye ungo

Wengi wakisikia mapishi haya huuliza kwanza watapata wapi unga wa protini. Swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: karanga zangu ni safi?

Karanga zisizokaushwa vizuri, au zilizohifadhiwa penye unyevu, huota ukungu unaotengeneza sumukuvu. Sumu hii huharibu ini, na mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini. Pia imehusishwa na udumavu wa watoto. Ikiingia mwilini kwa wingi inaua. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walifariki kati ya wagonjwa 317 walioripotiwa, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara nayo ilipoteza watu kwa ugonjwa huo huo.

Mapokeo ya jikoni yanasema moto unamaliza kila kitu. Kwa sumukuvu, hapana. Kukaanga hupunguza kiasi fulani tu, na kusaga huficha karanga mbovu ndani ya nzima. Ndiyo maana ni vyema ununue karanga unazoziona, badala ya zilizokwisha kusagwa ambazo hujui zilitokana na nini.

Zimwage kwenye ungo, mahali penye mwanga. Ondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu, zilizoanza kuota na zenye vumbi la kijani, kijivu au jeusi. Baada ya kukaanga na kumenya, chambua tena, kwa sababu zilizooza ndani huonekana hapo. Ukionja moja ikawa chungu, iteme.

Kuchambua hakuondoi hatari yote, kwani sumukuvu yenyewe haionekani kwa macho. Lakini sehemu kubwa ya sumu huwa imejikusanya kwenye punje chache mbovu, kwa hiyo kila unayoitoa ina faida. Na zile ulizotoa usizipeleke kwa kuku wala ng'ombe. Ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake hurudi kwako kupitia maziwa. Zifukie au zitupe.

Mahitaji ya vipande 16

Kikombe hapa ni kile cha mililita 250.

• Karanga mbichi zilizobanguliwa, robo kilo na konzi moja juu yake, kufidia utakazozitoa
• Oti bapa za uji, kikombe kimoja na nusu
• Maziwa ya unga, nusu kikombe
• Ufuta, robo kikombe
• Tende zilizotolewa kokwe na kukatwakatwa, kikombe kimoja
• Asali, vijiko vikubwa vitatu
• Iliki ya unga, nusu kijiko cha chai
• Chumvi, kiasi cha kushika kwa vidole viwili

Namna ya kutengeneza

1. Kaanga karanga zilizochambuliwa kwa moto mdogo, dakika 10 hadi 15, ukigeuza bila kuacha. Ziache zipoe, zisugue, pepeta maganda, kisha chambua mara ya pili.

2. Katika sufuria kavu, kaanga oti dakika 5 mpaka zinukie. Ziweke pembeni, ukaange ufuta dakika 2 au 3. Ukianza kurukaruka, ipua, maana ukiungua unakuwa mchungu.

3. Saga karanga kwa blenda au twanga kwenye kinu. Mwanzoni zitakuwa unga mkavu. Endelea, usiongeze maji, mpaka mafuta yake yenyewe yatoke na ziwe rojo zito.

4. Tende zikiwa ngumu, ziloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, zichuje na kuzikausha vizuri kwa kitambaa safi. Ziponde mpaka zilainike.

5. Weka karanga, tende na asali kwenye sufuria juu ya moto mdogo sana. Koroga dakika 2 au 3 hadi vichanganyike, kisha ipua.

6. Ongeza oti, ufuta, maziwa ya unga, iliki na chumvi. Kanda kwa mwiko, kisha kwa mikono iliyooshwa, mpaka pasibaki sehemu kavu.

7. Paka mafuta kidogo kwenye trei au sinia dogo lenye upana wa kama sentimita 20. Mimina, tandaza, na kandamiza kwa nguvu kwa kitako cha kikombe. Usipokandamiza, vipande vitamomonyoka.

8. Weka kwenye friji saa 2. Asiye na friji afunike na kuacha mahali penye ubaridi usiku kucha. Kata mistari 4 kwa 4, upate vipande 16.

Mchanganyiko ukiwa mkavu, ongeza kijiko cha karanga iliyosagwa au asali, kamwe usiongeze maji. Maji hulainisha leo na kuleta ukungu keshokutwa. Ukinata sana, ongeza oti kidogo kidogo.

Kama kitu kimoja hakipo

Badala ya oti, tumia unga wa ulezi au mtama uliokaangwa mpaka unukie. Usitumie unga mbichi, kwani unaweza kuwa na vijidudu vinavyoharisha. Unga hunyonya sana, hivyo anza na kikombe kimoja. Badala ya tende, zabibu kavu zinafaa. Mbegu za maboga zilizokaangwa zinaweza kuchukua nafasi ya ufuta, na zina protini nyingi.

Maziwa ya unga usiyaache kirahisi. Protini ya karanga peke yake ina mapungufu, na ya nafaka nayo ina yake. Zikiliwa pamoja husaidiana, na maziwa huziba pengo linalobaki. Anayetaka kuweka soya aikaange mpaka iive kabisa, kwa sababu soya mbichi huzuia mwili kutumia protini vizuri.

Ule unga wa protini wa makopo ya watu wa mazoezi uache huko huko. Mtoto mzima anayekula chakula cha kawaida hauhitaji, na baadhi huwa na vitu vilivyokusudiwa watu wazima, ikiwamo kafeini.

Nani asipewe

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kulamba. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo lake bado haliwezi kuzidhibiti, na ugonjwa unaotokea hulegeza misuli mpaka ya kupumua.

Wa chini ya miaka 5 wasipewe karanga nzima, kwa sababu huweza kuwakaba. Wao saga kila kitu kiwe laini, kata vipande vidogo sana, na wale wakiwa wamekaa, siyo wakikimbia uwanjani wala wakilala. Mdogo kabisa mpe karanga iliyosagwa ndani ya uji badala ya kashata.

Karanga, maziwa na ufuta huwaletea baadhi ya watoto mzio. Mtoto akila kisha akatoka vipele, midomo ikavimba, akatapika au akaanza kupumua kwa shida, mkimbize hospitali. Mweleze pia mwanao asimgawie mwenzake aliyekatazwa karanga kwao. Ukarimu ni mwema, lakini kwa mtoto wa namna hiyo kipande kidogo tu kinaweza kuwa hatari.

Usisahau meno. Tende na asali ni vya asili, lakini bado ni utamu unaonata. Kipande kimoja kwa siku kinatosha, mtoto anywe maji baada ya kula, na jioni mswaki usirukwe.

Kuhifadhi na kupiga hesabu

Weka vipande kwenye kopo kavu lenye mfuniko, ukitenganisha tabaka kwa karatasi safi. Kwenye friji vitakaa wiki 2. Nje ya friji, hasa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, tengeneza vya siku chache tu na uvimalize. Vikianza kunukia kama mafuta ya zamani, au ukiona doa la ukungu, tupa vyote. Kukata sehemu yenye doa hakutoshi.

Kuhusu gharama, usikubali hesabu ya mtu mwingine, kwani bei ya karanga wakati wa mavuno si ya miezi mingine, na tende hupanda na kushuka. Chukua karatasi, andika ulichotumia kwenye kila kitu, jumlisha, gawa kwa 16. Linganisha na hela ya mapumziko unayompa mtoto kila siku. Ukiona imezidi, punguza tende na asali kabla hujagusa karanga na maziwa, kwa sababu utamu ndio unaoweza kupungua bila mtoto kupoteza protini.

Jumamosi jioni ni wakati mzuri wa kuanza. Mkubwa apewe kukandamiza, wa kati apepete maganda, na wote wakae kwenye ungo kuchambua. Mtoto anayejua karanga mbovu inafananaje hataidanganywa sokoni atakapokuwa mkubwa, na ya mkoba wake ataila akijua ametoka kuichagua mwenyewe.