Sudan Kusini: Kisima kusini, bomba kaskazini

JULAI 9, 2011 maelfu ya wananchi walifurika mjini Juba kushuhudia bendera ya Jamhuri ya Sudan Kusini ikipandishwa. Rais Salva Kiir aliapishwa mbele ya wageni wengi, akiwamo Rais Omar al-Bashir wa Sudan, ambaye majeshi yake yalikuwa yamepigana na watu hao hao kwa miaka mingi. Siku tano baadaye, nchi hiyo ilipokelewa kuwa mwanachama wa 193 wa Umoja wa Mataifa.

Vita vilivyoanza mwaka 1983 vilikuwa vimekomeshwa na mkataba uliotiwa saini jijini Nairobi Januari 9, 2005. Katika kura ya maoni ya Januari 2011, karibu asilimia 99 ya wapiga kura walichagua kujitenga. Lakini kura hiyo haikusema ni vipi nchi mbili zilizokuwa moja zingegawana mali na mipaka.

Mgogoro wa kwanza ulihusu mafuta. Kusini iliondoka na takriban robo tatu ya uzalishaji wa Sudan ya zamani, ilhali mabomba, viwanda vya kusafishia na bandari ya Port Sudan vilibaki kaskazini. Mmoja alichukua kisima, mwenzake akabaki na mfereji. Khartoum ilidai ada kubwa ya kupitisha mafuta hayo, na Januari 2012 Juba ikaamua kusimamisha uzalishaji, ingawa karibu asilimia 98 ya mapato ya serikali yake yalitokana na mafuta.

Machi mwaka huo, viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua mradi wa bandari ya Lamu, uliokusudia pia kuipatia Juba bomba la kupitia Kenya. Bomba hilo halikujengwa. Baada ya makubaliano ya Addis Ababa ya Septemba 2012, mafuta yalirudi katika njia ile ile ya kaskazini mwaka 2013. Udhaifu huo ulijitokeza tena Februari 2024, pale bomba kuu lilipopasuka ndani ya Sudan iliyokuwa vitani, na usafirishaji wa sehemu kubwa ya mafuta ukakwama hadi mwaka 2025.

Mpaka nao ulileta utata. Wakazi wa Abyei walitakiwa kupiga kura Januari 2011 kuchagua upande wao, lakini kura haikufanyika. Pande mbili hazikuafikiana iwapo wapiga kura wawe Wadinka wa Ngok pekee, au pia wafugaji wa Misseriya wanaofika hapo kila msimu kutafuta malisho.

Hata hivyo, pigo kubwa zaidi lilitoka ndani. Jeshi lililopigania uhuru lilikuwa limemeza makundi mengi yenye silaha, na askari wengi waliendelea kuwatii makamanda wao kuliko taifa. Julai 2013 Rais Kiir alimfukuza kazi makamu wake, Riek Machar. Desemba mwaka huo mapigano yalizuka Juba na kusambaa, yakichukua sura ya kikabila. Zaidi ya watu milioni 4 waliyakimbia makazi yao, na Februari 2017 njaa kali ilitangazwa rasmi katika sehemu za Jimbo la Unity. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

Mkataba wa Septemba 2018 ulimrejesha Machar serikalini Februari 2020, akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Lakini kuunganisha majeshi kulisuasua, na uchaguzi ulioahirishwa mara kadhaa ukasogezwa tena, mwaka 2024, hadi Desemba 2026. Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba mwaka huo akafunguliwa mashtaka ya uhaini.

Kwa Afrika Mashariki, hayo si mambo ya mbali. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Barabara ya Nimule ndiyo inayopitisha malori ya bidhaa kutoka Uganda na Kenya kwenda Juba. Juba inapowaka moto, ni barabara hiyo hiyo inayowaleta wakimbizi kusini.