Kiashiria, dalili na sugu: maneno ya kueleza ini linaloharibika katika hepatitisi B

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Hepatitisi B iliyokaa mwilini muda mrefu ni miongoni mwa maradhi yasiyofuata methali hiyo. Mtu anaweza kuishi na virusi vyake kwa miaka 20 au 30 bila joto la mwili, bila maumivu na bila macho kugeuka manjano, huku ini lake likijengeka makovu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na maambukizi haya, na kwamba watu milioni 1.1 walifariki kutokana nayo mwaka huohuo. Kwa kuwa mgonjwa hajisikii vibaya, anachokijua kuhusu ini lake ni kile anachoambiwa baada ya vipimo vya damu. Hapo ndipo neno moja lililochaguliwa vibaya katika kipeperushi au katika kitabu cha shule huweza kumfanya aache kliniki.

Jambo la kwanza la kutenganisha ni dalili na kiashiria. Nomino dalili, yenye asili ya Kiarabu, hutaja kitu kinachoelekeza kwenye kingine, na katika lugha ya tiba imezoeleka kwa kile ambacho mgonjwa anakihisi au mtu mwingine anakiona: uchovu, kichefuchefu, tumbo kujaa maji. Kiashiria, kutokana na kitenzi ashiria, hufaa zaidi kwa kitu kinachopimwa na kuandikwa kwa tarakimu, kama vile kiwango cha kimeng'enya katika damu. Kuandika kwamba mgonjwa “ana dalili za ini kuharibika” ilhali kilichoonekana ni tarakimu ya maabara tu ni kumtafutia maumivu asiyokuwa nayo. Yeye atajichunguza, ataona hana kitu, na ataamua kwamba maabara imekosea.

Jina la ugonjwa lenyewe lina mitego yake. Homa ya ini ndilo jina lililoenea, nalo limejengwa kama homa ya matumbo na homa ya mapafu, ambamo homa si joto bali ugonjwa wa kiungo. Halina ubaya likielezwa. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu, na kuyachanganya majina hayo mawili ni kosa lisilovumilika katika tafsiri. Uvimbe wa ini, unaopendwa na baadhi ya watafsiri kwa sababu unafuata maana ya kiambishi cha Kigiriki, una hatari zaidi: kwa msomaji wa kawaida uvimbe ni kinundu, na saratani ya ini ni mojawapo ya matokeo halisi ya ugonjwa huu. Mtu asiye na saratani hapaswi kuisoma katika jina la ugonjwa wake.

Neno linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote hayo ni sugu. Kwa asili ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa, kama ile ya kiganja cha mkulima. Kutokana na hiyo ikapatikana maana ya ukaidi, na leo kila mtu anamjua mdaiwa sugu. Katika tiba neno hilo limebeba maana mbili: ugonjwa sugu ni ule unaodumu, na vimelea sugu ni vile visivyouawa na dawa. Katika magonjwa mengi muktadha hutatua utata huo. Katika hepatitisi B hautatui, kwa sababu maana zote mbili hukutana katika ukurasa mmoja. Maambukizi huitwa sugu pale antijeni ya juu ya virusi, yaani HBsAg, inapoendelea kuonekana katika damu kwa zaidi ya miezi 6. Wakati huohuo, virusi hivyo vimejulikana kujenga usugu dhidi ya lamivudini, dawa iliyotumika sana zamani, ilhali usugu dhidi ya tenofovia ni nadra sana. Mgonjwa anayeambiwa ana “hepatitisi B sugu” anaweza kuelewa kwamba hakuna dawa itakayomsaidia, na hilo si kweli. Katika maandishi ya wagonjwa, hepatitisi B ya muda mrefu ni chaguo bora, na usugu uachiwe dawa. Katika kitabu cha kiada, sugu inaweza kubaki mradi ifafanuliwe inapotajwa kwa mara ya kwanza.

Sasa vipimo vyenyewe. Fomu nyingi za maabara huweka pamoja ALT, AST, bilirubini na albumini chini ya kichwa kimoja, ambacho kwa Kiswahili huwa vipimo vya utendaji wa ini. Kichwa hicho kina kasoro tangu kilikotoka, na Kiswahili hakilazimiki kuirithi. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyoishi ndani ya seli. Seli za ini zinapojeruhiwa, vimeng'enya hivyo huvuja na kuingia katika damu, na kiwango chake hupanda. Kwa hiyo ALT huashiria jeraha linalotokea sasa. Haisemi lolote kuhusu kazi ambayo ini bado linaweza kuifanya. AST nayo hupatikana pia katika misuli na moyo, hivyo ikipanda peke yake si lazima ini liwe ndilo lenye shida. Wanaozungumzia utendaji ni wengine: albumini, protini inayotengenezwa na ini, muda wa damu kuganda, kwa kuwa protini nyingi za ugandishaji hutoka huko, na bilirubini, taka ya chembe nyekundu ambayo ini hulazimika kuiondoa.

Moshi unaotoka jikoni hueleza kwamba kuna kinachoungua, wala hauelezi nyumba imebaki na vyumba vingapi. Mtu mwenye makovu mengi anaweza kuwa na ALT ya chini, ama kwa sababu jeraha limetulia kwa muda, ama kwa sababu seli zilizobaki za kujeruhiwa ni chache. Sentensi “ini lako linafanya kazi vizuri”, ikiwa imeegemezwa kwenye ALT pekee, ni sentensi ya uongo hata kama kila neno lake limo katika kamusi. Iliyo sahihi ni hii: “Kwa sasa kipimo hiki hakionyeshi jeraha jipya kwenye ini, vipimo vingine vitaonyesha kama lina makovu.” Ni ndefu, lakini ni heri urefu huo.

Kivumishi cha kawaida nacho kisiachwe peke yake. Maabara nyingi huchapisha kikomo cha juu cha ALT kuwa 40 au zaidi, ilhali mwongozo wa WHO huhesabu 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake, kwa yuniti kwa lita moja. Mwanamke mwenye ALT ya 35 ni “wa kawaida” kwenye karatasi moja na si wa kawaida kwenye nyingine. Mtafsiri aandike tarakimu na kikomo kilichotumika.

Kwa makovu, Kiswahili kina bahati: kovu ni neno ambalo hata mtoto analijua, na linaeleza hasa kinachotokea. Makovu yakienea hadi kuvuruga umbo la ini, hali hiyo ni sirosisi, jina ambalo daktari Mfaransa Laennec alilitoa mwaka 1819 katika neno la Kigiriki la rangi ya hudhurungi-manjano. Linaeleza rangi aliyoiona, si ugonjwa. Ini lenye makovu huzuia damu kupita, bandama huvimba, na chembe sahani za damu hupungua katika mzunguko. Ndiyo maana chembe hizo, ambazo hazitengenezwi na ini, zimo katika kokotoo liitwalo APRI: AST hugawanywa kwa kikomo chake cha juu, huzidishwa kwa 100, kisha hugawanywa kwa idadi ya chembe sahani katika mabilioni kwa lita. Mgonjwa mwenye AST ya 80, kikomo cha 40 na chembe sahani 100 hupata 2. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 huchukulia matokeo yaliyo juu ya 0.5 kuwa ishara ya makovu ya kutosha kuzingatiwa, na yaliyo juu ya 1 kuwa ishara ya sirosisi. Ishara, si uthibitisho. Kitenzi thibitisha kisitumike hapa.

HBsAg na wingi wa vinasaba vya virusi huashiria virusi, si hali ya ini. Navyo “matokeo chanya” yasomwe kama “virusi vimeonekana”, maana chanya katika mazungumzo ni sifa njema.

Kuhusu upatanisho: ini la mgonjwa mmoja ni ini, katika umoja, nalo huharibika, hupona, hupimwa ugumu. Maini ni ya wagonjwa wengi, au ya buchani, au ya mtu aliyekatwa maini kwa maneno makali.