Kuziba Tundu Dogo la Moyo: Nani Hunufaika?

Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu yake. Damu yenye oksijeni itokayo kwenye kondo hupita katika tundu lililo baina ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Baada ya kuzaliwa tundu hilo hujifunga, lakini kwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 hubaki wazi, aghalabu bila madhara. Hatari huzuka pale donge la damu linapopenya humo, likakwepa mapafu na kufika ubongoni.

Tundu huzibwa kwa kifaa kinachopitishwa ndani ya mrija kupitia mshipa wa paja. Katika jaribio la CLOSE, lililofanyika Ufaransa na Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2017, hakuna aliyepata kiharusi tena miongoni mwa wagonjwa 238 waliozibwa. Kati ya 235 waliotumia dawa za kuzuia chembe sahani kugandana pekee, 14 walipata. Wote walikuwa na umri wa miaka 16 hadi 60, na kiharusi chao cha awali hakikuwa na chanzo kingine kilichobainika. Hata hivyo, waliozibwa walipata zaidi tatizo la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Kwa kipandauso matokeo ni tofauti. Katika jaribio la MIST la Uingereza la mwaka 2008, maumivu yalikoma kwa wagonjwa 3 kati ya 74 waliozibwa, na kwa 3 kati ya 73 waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza.

Kwa hiyo, sera ya kugharimia tiba hii izingatie kwanza chanzo cha kiharusi cha mgonjwa, wala si kuwapo kwa tundu pekee.