Uzamivu Baada ya Miaka ya Kwaya

Mwalimu aliyefundisha muziki Kitengela kwa miaka 15 ana hazina asiyokuwa nayo aliyetoka uzamili jana: masikio yenye kumbukumbu. Mji huo wa Kaunti ya Kajiado, kwenye Barabara ya Namanga, ulikuwa na watu zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019, na darasa moja hukutanisha watoto wa Kimaasai, Kikamba, Kikuyu na Kiluo. Amewasikia wote. Anapofikiria shahada ya uzamivu, huogopa kwamba amechelewa. Mimi naona wakati wake ndio kwanza umewadia.

Ugumu uko kwingine. Kazi imempa majibu, na uzamivu huanza na swali. Chukua wimbo wa morani. Olaranyani, yaani mwimbishaji, hutanguliza mstari. Wenzake humpokea kwa sauti nzito za kooni, zikijirudia na kupandana, huku pumzi na miili ikishika mapigo. Ngoma haipo, wala haikosekani. Wimbo huohuo ukipelekwa tamasha la shule, pengine utaongezewa ngoma, utagawiwa sauti nne na kufundishwa kwa solfa. Utapendeza. Lakini ule mvumo wa kooni, ambao solfa haina alama yake, ulikuwa unamfunza mtoto nini? Kumsikiliza aliye kando yake? Kupumua kwa zamu? Kujua ni lini amwachie mwimbishaji nafasi?

Hapo ndipo tasnifu huzaliwa. “Muziki wa Wamaasai shuleni” ni mada tu, pana kama Kajiado yenyewe kutoka Ngong hadi Namanga. Swali la utafiti hubana: katika shule mbili teule, watoto hujifunzaje kupokea wimbo bila kuandikiwa nota, na mwalimu hufanya nini kinachowasaidia au kuwavuruga? Huenda jibu likamwonyesha mtafiti kwamba yeye mwenyewe amekuwa akivuruga kwa miaka mingi. Ayaandike hayo pia. Bila ujasiri huo uzoefu wake utageuka ushahidi wa kujitetea.

Kuna taratibu: kibali cha utafiti kutoka NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), idhini ya wazazi kwa sababu washiriki ni watoto, na miaka isiyopungua mitatu ya kazi. Kwa Kajiado ningeongeza jambo ambalo fomu hazilitoshelezi. Mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha enkipaata, eunoto na olng'esherr, miviga mitatu ya wanaume wa Kimaasai, miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Nyimbo nyingi zinaishi ndani ya miviga hiyo. Kabla ya kuwasha kinasa sauti, keti na wazee uulize kipi kinarekodiwa na kipi hubaki pale pale.

Haja ya watafiti wa aina hii ni ya muda mrefu. Tume ya Rais ya Muziki, chini ya Washington Omondi, iliundwa 1982 na kutoa ripoti 1984; mwaka uliofuata mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukaanza, muziki ukiwemo. Baadaye somo hilo likapoteza nafasi yake katika mtihani wa shule ya msingi. Sasa mtaala wa umilisi umeipa sanaa na michezo mkondo wake katika sekondari ya juu. Walimu wa mkondo huo watafundishwa na nani, na kwa vitabu vilivyotokana na masikio ya nani? Wakenya wanaweza: Emily Achieng' Akuno aliongoza chama cha kimataifa cha elimu ya muziki, ISME, kuanzia 2022 hadi 2024.

Ukienda kumwona msimamizi mtarajiwa, usitangulize kichwa cha tasnifu. Beba rekodi ya dakika tatu, iliyochukuliwa kwa idhini, umwekee asikilize. Akikuuliza mbona yule mtoto wa nyuma alichelewa kupokea, baki naye.