Je, Wajua? Mvumo wa Difu Huonyesha Chanzo Chake
Difu, yaani mkusanyiko wa gia ulio katikati ya ekseli ya nyuma, ikivuma dereva anapokanyaga mafuta na kubadili sauti anapoachia, chanzo mara nyingi huwa gia zenyewe, ilhali mngurumo usiobadilika kwa mafuta bali unaozidi gari likikata kona upande mmoja huashiria beringi ya gurudumu. Pinioni, gia ndogo inayopokea nguvu kutoka propela shafti, na krauni, gia kubwa inayozungushwa nayo, husagwa kiwandani zikiwa jozi. Hivyo kubadilisha moja tu, kosa la gharama kubwa, huzaa mvumo mpya. Fundi makini hupaka rangi nzito kwenye meno machache ya krauni, huizungusha kwa mkono, kisha huchunguza mahali yalipogusana na pinioni.