Mtoto Anapokwenda Kuishi Chuo Kikuu



Ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba, mabasi yanayotoka huku Njombe kwenda Dar es Salaam hujaa vijana wenye mabegi makubwa. Hao ni wanafunzi wapya wa chuo kikuu. Wazazi huwasindikiza kituoni kwa furaha. Basi likishaondoka, wengi wetu husema, "Basi, mzigo nimeutua. Sasa ni kazi ya Serikali."

Je, ni kweli mzigo umetuliwa? Mama mmoja wa darasa letu la kisomo alifikiri hivyo. Binti yake alipata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya miezi michache mama alimpigia simu. Alimwambia, "Mwanangu, tunasikia mnapewa fedha huko. Nitumie shilingi 200,000 ninunue mabati." Binti hakubisha. Alituma. Alipokuja likizo alikuwa amekonda. Mama alidhani ni malaria. Kumbe binti alikuwa akila mara moja kwa siku, tena bila kumwambia mtu.

Mama huyo ndiye aliyetuomba tuandike habari hii, ili wengine wajifunze.

BWENI LA CHUO KIKUU LIKOJE?

Wengi wetu tunajua bweni la shule ya sekondari. Kule kengele hugongwa. Chakula hupikwa, na wote hula pamoja. Mwalimu wa zamu hupita kuangalia nani amelala na nani hayupo.

Chuo kikuu sivyo. Hakuna kengele. Mwanafunzi hupewa kitanda katika chumba anacholala pamoja na wenzake. Wenzake hao hutoka mikoa mbalimbali na dini mbalimbali. Hulipia nafasi hiyo ya bweni. Chakula hununua mwenyewe kwenye mkahawa, kila siku na kila mlo. Mabweni mengi hayaruhusu kupika chumbani, kwa kuogopa moto. Kwa hiyo hata ukimpa debe la unga, huenda asipate mahali pa kuusonga.

Tena si wote wanaopata kitanda. Mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya pale Mlimani, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Chuo hicho pia kina mabweni mengine, yakiwemo ya Mabibo yaliyo nje ya eneo la Mlimani. Lakini wanafunzi wake ni zaidi ya 20,000. Anayekosa nafasi hupanga chumba mtaani, na kila siku hulipa nauli ya kwenda darasani na kurudi.

ZAMANI NA SASA

Kwa nini wazee wetu husema mwanafunzi wa chuo kikuu analishwa na Serikali? Hawasemi uongo. Wanasema habari za zamani.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache tu. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa. Miaka hiyo Serikali ililipa karibu kila kitu: masomo, kitanda na chakula. Katika miaka ya 1990 ulianza utaratibu wa kuchangia gharama. Halafu mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi.

Neno la kushika hapo ni MIKOPO. Fedha anayopewa mtoto kwa njia hii si zawadi. Ni deni. Akimaliza masomo na kuajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Maana yake, katika kila shilingi 100 hukatwa shilingi 15, mpaka deni liishe. Tena si kila mwombaji hupata mkopo.

TUPIGE HESABU

Mwaka 2022 Serikali ilipandisha fedha ya kujikimu kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Wanafunzi wenyewe huita fedha hii "bumu". Haitolewi kila siku. Hutolewa kwa mafungu.

Haya, chukua kalamu. Tuseme mtoto amepewa fungu la siku 60, kwa shilingi 10,000 kila siku.

10,000 × 60 = 600,000

Fedha hizo machoni ni nyingi. Lakini ndizo za kitanda, chakula, sabuni, nauli na simu. Sasa toa zile shilingi 200,000 za mabati.

600,000 – 200,000 = 400,000

Shilingi 400,000 zinatosha siku 40. Siku 20 hazina kitu. Hesabu hii tuliifanya ubaoni, na mama yule akaisoma mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mabati yangu ni siku 20 za chakula cha mwanangu. Na deni lake atalipa yeye."

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Kwanza, tutayarishe karatasi mapema. Anayeomba mkopo hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Aliyefiwa na mzazi huhitaji pia cheti cha kifo. Tusingoje matokeo ya mtihani ndipo tuanze kuvitafuta.

Pili, tuweke akiba. Siku za kwanza chuoni mtoto hujiandikisha, na mara nyingi bumu huwa bado. Ukivuna viazi au mahindi, tenga fedha kidogo kila mara. Zimsaidie kula mwezi wa kwanza.

Tatu, tumwandae kwa safari. Dar es Salaam ni joto. Koti zito la huku kwetu halitamfaa sana. Shuka jepesi na chandarua vitamfaa. Mabasi ya mikoani hufika Mbezi Luis. Tutafute mtu tunayemwamini ampokee pale, maana mgeni huonekana kwa macho yake.

Nne, tumpigie simu hata kama hatuna shida. Mtoto akiona kila simu ya nyumbani inaomba fedha, ataogopa kupokea. Muulize, "Umekula nini leo? Unalala na nani chumbani? Masomo yanakwendaje?" Wiki za kwanza wengi huwa wapweke. Wengine hulia usiku. Mkumbushe kwamba chuoni kuna mshauri wa wanafunzi, na kwamba kumwendea si aibu.

Tano, tusimwombe bumu. Shida za nyumbani tunazijua, hata sisi tunazo. Lakini anayekula mbegu hawezi kungoja mavuno.

Ndugu zetu, kumfikisha mtoto chuo kikuu ni kazi kubwa. Mmelima, mmeuza, mmejinyima. Lakini basi likiondoka kituoni kazi haijaisha. Imebadilika tu. Zamani ulimlisha mtoto kwa mkono wako. Sasa unamlisha kwa kumwachia fedha yake ale.

Yule mama sasa humwandikia binti yake ujumbe wa simu kwa mkono wake mwenyewe, kila Jumapili. Mabati bado hajayamaliza. Binti anaendelea na masomo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Bweni la chuo kikuu linatofautianaje na bweni la sekondari?
2. Mwanafunzi amepewa shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 60. Ametuma nyumbani shilingi 150,000. Zilizobaki zitamtosha siku ngapi?
3. Katika kijiji chenu, mnawezaje kusaidiana kuweka akiba kwa ajili ya watoto wanaokwenda chuo?