Je, mbwa wako yuko tayari kufunguliwa kiwanjani?

HUENDA wewe ni miongoni mwa wakazi wa mjini wanaofuga mbwa, na kila Jumamosi asubuhi humpeleka kwenye kiwanja cha mtaa ukamfungua kamba ili akimbie na wenzake. Hilo si jambo baya. Mbwa anayeshinda kibandani mchana kutwa hunenepa kupita kiasi, huwa na hasira na hubweka usiku kucha hata majirani wakakosa usingizi.

Hata hivyo, kumbuka kwamba kiwanja hicho ndicho watoto wa mtaa huchezea kandanda. Ndiyo sababu kuna mambo unayopaswa kuyatimiza kabla ya kumfungua.

La kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiotimiza umri wa miaka 15. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, lakini mpango huo hauwezi kufaulu iwapo wenye mbwa hawatawachanja. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kama atakavyoagiza daktari wa mifugo. Hifadhi cheti chake vizuri.

Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake za mwanzo asipelekwe kiwanjani kabisa. Virusi vya parvo, ambavyo humfanya mbwa atapike na kuharisha damu, huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi.

La pili ni minyoo. Mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi cha mbwa, na mtoto anayechezea udongo kisha akatia vidole mdomoni huweza kuyameza. Vijidudu vinavyoanguliwa husambaa mwilini, na mara nyingine huingia jichoni na kudhuru uwezo wa kuona. Habari njema ni kwamba mayai ya minyoo hiyo ya mviringo huhitaji majuma kadhaa udongoni kabla ya kuweza kuambukiza. Kwa hivyo, ukizoa kinyesi papo hapo utakuwa umeuzuia ugonjwa huo. Beba gazeti kuukuu la kuzolea, na umpe mbwa dawa ya minyoo kwa wakati.

La tatu ni tabia. Mbwa aliyezoea kufungwa mnyororo asifunguliwe siku ya kwanza katikati ya mbwa wengine. Mzungushe kwanza akiwa kwenye kamba, na umfundishe kurudi kila unapomwita. Usidhani kwamba kila mbwa anayetikisa mkia ana furaha. Akisimama wima kama mti, nywele za mgongo zikisimama na mkia ukiwa juu, mwondoe mara moja. Anayetaka mchezo huinamisha kifua chini na kuinua makalio. Mbwa jike aliye katika joto abaki nyumbani, na wakipigana usitie mkono kati yao.

Je, mtu akiumwa afanye nini? Asipake mafuta ya taa, pilipili wala dawa yoyote ya kubahatisha. Aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo tu. Huko ataelezwa iwapo anahitaji sindano, na akianza ni lazima azimalize zote. Dalili za kichaa huweza kuchukua majuma au miezi kabla ya kuonekana, na zikishaonekana ni nadra sana mgonjwa kupona.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na achunguzwe na daktari wa mifugo kwa siku 10. Wewe mwenye mbwa usijifiche kwa kuogopa lawama. Nenda kwa wazazi wa mtoto na uwaonyeshe cheti cha chanjo, kwa sababu daktari atataka kujua habari hiyo anapoamua tiba ya mtoto wao.